Mlango wa Kuvuta Hausukumwi

“Mlango ule ni wa kuvuta, afande, na vijana wako wameusukuma. Tena kwa buti. Na haukuwa umefungwa hata komeo.”

Hayo ni maneno ya marehemu dada yangu, aliyoyasema ofisini kwa mkuu wa kituo cha polisi asubuhi ya Ijumaa, tarehe 12 Agosti 2011. Mkuu wa kituo alimshauri aandike barua. Marehemu akamjibu kwamba barua ataandika na mwenyewe atakuja, maana barua hupotea, yeye hapotei. Ijumaa iliyofuata alirudi. Jumla alikwenda Ijumaa thelathini na moja mfululizo, na kila mara alianza na sentensi ileile, kama mtu anayefungua kikao.

Najua wasifu huanza na kuzaliwa. Nitafika. Nimeanza na mlango kwa sababu hata yeye alianza nao. Ulikuwa ukimwuliza habari za asubuhi, anakujibu nzuri, isipokuwa mlango.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu alikuwa mtunza ghala, mama yetu mkunga. Mama alisema mtoto huyu alianza kulia kabla hajatoka mwili wote, kana kwamba kuna jambo halikufanywa sawasawa. Wa pili ni kaka yetu, aliyezaliwa 1966. Wa tatu ni mimi ninayesoma hapa. Kaka yetu alikuwa fundi redio hodari, na alipofikisha miaka ishirini na miwili ugonjwa wa akili ulimpata, akawa anasikia sauti ambazo sisi hatuzisikii. Jina la Antena, ambalo wote mnamjua nalo, alijipa mwenyewe. Alisema redio zenu zinashika stesheni tatu, yeye anashika zote, na nyingi hazina hata matangazo ya maana.

Shule ya msingi marehemu aliianza mwaka 1968 na kumaliza darasa la saba mwaka 1974. Alikuwa kiranja. Siku moja mwalimu alitoka akamwachia kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele, na aliporudi akakuta karatasi ina majina tisa, la kwanza likiwa la kiranja mwenyewe. Mwalimu alimwuliza kama ana akili timamu. Akasema alipiga kelele kweli, alikuwa anawaambia wenzake wanyamaze. Alichapwa pamoja na wengine, na hadi uzeeni alilalamika kwamba ukweli ulipaswa kumpunguzia angalau kiboko kimoja. Elimu yake ya darasani iliishia hapo, kama yangu. Ada ya mbele haikuwepo, na anayetaka kumlaumu mtu amlaumu mtunza ghala aliyelipwa kidogo.

Mwaka 1976 na 1977 alisoma cherehani katika chuo cha ufundi, na mwaka 1979 akaajiriwa katika karakana ya sare za polisi, ng’ambo tu ya uwanja wa kituo. Alikaa kwenye mashine ileile miaka thelathini na saba, mpaka alipostaafu. Askari aliwajua kwa viuno. Mtu akipandishwa cheo, yeye alijua kabla ya mwenyewe, na akianza kula rushwa alijua pia, kwa sababu suruali haisemi uongo. Antena alipokuwa na nafuu alimsaidia nyumbani kushona vifungo, na vifungo vya Antena havikudondoka. Askari wengi walikwenda gwaride wakiwa wamefungwa vifungo na mtu ambaye mtaani walimwita kichaa.

Alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1984. Mumewe, shemeji yangu, ni seremala. Alikuja karakana kupima meza ya kukatia vitambaa, akarudi kuipima tena, na tena. Mara ya tano marehemu alimwambia, “Kaka, meza haikui.” Shemeji akasema anajua, ila anatafuta maneno. Aliyapata mara ya saba. Walijaliwa watoto wawili, binti na wa kiume, na wote wawili wanajua kushona na kupiga randa, maana nyumba ile haikumlisha mtu aliyekaa bure.

Sasa narudi kwenye mlango.

Chumba cha Antena kiko uani, nacho ni kidogo. Mlango ukiisha, kitanda kinaanza. Ndiyo maana shemeji aliutengeneza ufungukie nje. Jumanne tarehe 9 Agosti 2011, saa tisa alasiri, Antena alikuwa na siku ya nne bila kulala na bila dawa. Aliingia chumbani, akauvuta mlango, akawa anabishana kwa sauti kubwa na watu tusiowaona. Mkononi alikuwa na mkasi wa dada wa kukatia vitambaa. Dada alikuwa kazini. Aliyekuwepo nyumbani ni mimi, na aliyepiga simu polisi ni mimi. Nilisema kuna kichaa ana silaha. Naliandika neno hilo hapa mwenyewe ili asije akaliandika mwingine.

Walikuja wanne. Hawakuuliza hata jina lake. Konstebo mmoja, kijana mrefu wa kuinama milangoni, aliupiga mlango teke. Haukufunguka, kwa sababu haukutengenezwa kufungukia huko. Akapiga la pili na la tatu, miimo ikapasuka, bawaba zikang’oka, mlango mzima ukamwangukia kaka yetu kitandani na kumvunja mkono wa kushoto. Mkasi ulikutwa chini ya kitanda. Alikuwa ameutupa tangu aliposikia buti uani.

Shemeji alitaka kuurudisha mlango jioni ileile, kazi ya saa moja kwake. Marehemu alikataa. Alisema mlango huo utaletwa na aliyeuvunja. Akashona pazia kwa mabaki ya kaki ya sare, akalitundika. Basi seremala anayetegemewa na mtaa mzima akaishi na tundu la mlango kwa miaka kumi na mitatu na nusu. Wateja walipomcheka aliwaambia kwamba yeye pale nyumbani ni fundi tu, hakimu yupo ndani.

Pazia lile ndilo lililozaa yote yaliyofuata. Pazia haligongwi. Ukitaka kuingia kwa Antena ilikubidi usimame nje, useme hodi, usubiri. Na marehemu akaona jambo ambalo sote tulikuwa hatujaliona kwa miaka ishirini na tatu: akipigiwa hodi, hata siku zake mbaya, Antena alijibu. Mara nyingine alijibu “karibu”, mara nyingine “bado”. Lakini aliyejibu alikuwa yeye, si zile sauti.

Hilo ndilo alilokuwa akimpelekea mkuu wa kituo kila Ijumaa, pamoja na lawama. Mkuu wa kituo alimsikiliza kama watu wanavyoisikiliza mvua. Ila alisahau suruali yake. Mwezi Februari 2012 suruali yake ya gwaride ilikaa kwenye foleni ya karakana wiki sita, na alipotuma mtu kuulizia, aliambiwa mwenyewe aandike barua. Tarehe 9 Machi uvumilivu ulimwisha, akamwambia marehemu kwa kejeli kwamba kama yeye anajua kazi ya polisi kuliko polisi, aje awafundishe. Jumatatu tarehe 12 Machi 2012, saa mbili asubuhi, marehemu alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa kituo akiwa na sindano hamsini na uzi mweusi. Alikuja na muuguzi wa wodi ya akili, anayemtibu Antena. Mgawanyo wao wa kazi ulikuwa hivi: muuguzi aeleze ugonjwa, yeye aeleze mlango.

Somo la kwanza halikuhitaji ubao. Kila askari alikaa kitini na sindano yake atunge uzi. Wa kulia kwake alimnong’oneza matusi sikioni, wa kushoto alimwambia nyumba yake inaungua, na wa tatu alisimama mbele akimfokea atunge uzi upesi, anyooshe mikono juu, atunge uzi, alale chini. Yule konstebo mrefu alikaa kama mtu anayekaa kucheza. Dakika ya pili sindano ilikuwa imepinda, jasho linamtiririka, na ghafla aliinuka akamsukuma mwenzake wa mbele mpaka ukutani. Marehemu alimwuliza kwa nini amempiga mwenzake.

“Sikumpiga, mama,” kijana akasema. “Alikuwa ananifokea na mimi sikuwa namsikia.”

“Basi umekuwa kaka yangu kwa dakika mbili,” marehemu akamwambia. “Yeye amekuwa hivyo miaka ishirini na tatu. Kaa, mwanangu.”

Kuanzia siku hiyo alimwita Buti, na jina likamkaa. Mwisho wa wiki Buti alikuja nyumbani na fedha mkononi, akasema anataka kuutengeneza mlango. Marehemu hakuzipokea. Alimwambia kwamba mwenye mlango ni Antena, na siku Antena atakapomdai mwenyewe, ndiyo siku ya kulipa. Antena hakumdai. Kila Buti alipofika alimtazama miguu tu, kisha akageukia ukuta.

Somo la pili lilikuwa hodi. Simama hatua sita mbali, kofia mkononi. Anaongea mmoja tu, wengine wanaondoa watu. Hodi tatu, kila moja na kimya chake. Usipojibiwa rudi nyuma hatua tatu kama mgeni mwenye adabu, ungoje, uanze upya. Walimwuliza hodi ya nini katikati ya soko pasipo na mlango. Akasema mtu mwenyewe ni nyumba, na mlango wake ni wa kuvuta, hausukumwi. Walimwuliza je, akiwa na kisu? Akasema hodi haizuii kujilinda, hodi inazuia haraka, na kwa habari ya kisu wamsikilize muuguzi, ambaye ameshawahi kukiona. Huko nyuma ya mgongo wakamwita Bi Hodi. Alipojua akasema wamwite mbele, jina si baya.

Haikuwa sherehe kila siku. Mei 2014 Buti alichomwa na chupa iliyovunjika alipokwenda kumtuliza mtu katika nyumba ya kupanga. Alishonwa nyuzi kumi na moja mkononi. Mkuu wa kituo alitaka mafunzo yafutwe, akasema hodi za mama huyu zitamuulia vijana. Marehemu alikwenda hospitali amenyamaza, jambo lililotuogopesha sote, na shati safi amelikunja kwapani. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama kando ya kitanda. Buti ndiye aliyeokoa kazi ile, kwa kujisema mwenyewe.

“Afande, hodi niliisema,” alisema. “Ila mguu ulikuwa umeshaingia.”

Mafunzo hayakufutwa. Yaliongezewa somo la tatu, nalo likaitwa hodi ya mguu ndani, na mwalimu wake akawa Buti, mkono wake ukiwa ubao.

Septemba 2016, saa nne asubuhi, mwanamume mmoja alisimama katikati ya ukumbi wa posta, mtupu, na kipande cha kioo shingoni mwake mwenyewe. Watu walitolewa. Buti alikaa sakafuni hatua sita mbali, akapiga hodi, akarudi nyuma, akangoja, akaanza upya. Alifanya hivyo kwa saa mbili na dakika kumi. Mwishowe yule bwana alimwambia, “Karibu. Lakini humu hatuingii na viatu.” Buti akavua buti zake, akaziweka kando kwa adabu. Kioo kikawekwa chini. Walitoka pamoja hadi kwenye gari la wagonjwa, askari akiwa na soksi. Nilipomletea marehemu habari hizo aliuliza swali moja tu, kama soksi zilikuwa na tundu. Zilikuwa nalo. Alizidai akazishona.

Tangu Julai 2019 kila kuruta katika chuo cha polisi husoma masomo hayo kabla ya kukabidhiwa pingu. Marehemu alifundisha kwa mkono wake askari elfu moja, mia nne na sitini, na majina yao yote yamo katika madaftari yake. Siku chuo kilipompa cheti cha heshima alipanda jukwaani, akampa mkono mgeni rasmi, akamnong’oneza jambo. Wengi mlidhani ni shukrani. Alimwambia pindo la suruali yake limefumuka. Mimi nilikuwa safu ya pili siku ile, na nasema bila kujizuia: mwanamke wa darasa la saba alipigiwa saluti na uwanja mzima, na sare zote zile alikuwa amezishona yeye au wanafunzi wake wa karakana.

Mwezi Juni 2023 madaktari waligundua kuwa moyo wake umepanuka. Alilazwa mara nne. Wodini kitanda chake kilizungushiwa pazia, na nadhani mnajua kilichofuata. Daktari bingwa alilifungua bila kusema neno, naye na wanafunzi wake saba wakarudishwa nje, wakapiga hodi, wakajibiwa “bado”. Wiki ya pili wodi nzima ilikuwa inabisha hodi. Lakini kitu kimoja kilimnyima usingizi, na hakukificha. “Mimi nikiondoka,” aliniambia, “Antena ataugua siku hiyohiyo. Nimewafundisha wote, na siku ya mtihani sitakuwepo kusahihisha.”

Alifariki hospitalini siku ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mimi na mumewe tulikuwa kando yake.

Mtihani ulikuja saa tisa alasiri, kama alivyosema. Antena alipoelezwa alichukua mkasi wa dada yake kutoka mezani, akaingia chumbani, pazia likaanguka nyuma yake. Tukamsikia anabishana, sauti ikipanda. Watoto walinitazama. Simu ilikuwa mkononi mwangu, kama mwaka ule. Safari hii sikusema kichaa. Nilisema kaka yangu ana msiba na ni mgonjwa, ana mkasi, na mlango ni pazia.

Walikuja watatu: Buti, ambaye sasa ni sajini mwenye mvi, na askari wawili vijana waliotoka chuoni karibuni. Hakuna aliyewaambia, walivua viatu wenyewe wakavipanga kwenye kizingiti cha ua, jozi tatu. Vijana wakatusogeza sote jikoni. Buti alisimama hatua sita kutoka pazia, kofia mkononi. Akapiga hodi tatu. Hakujibiwa. Akarudi nyuma. Alianza upya, akarudi tena. Baada ya muda pazia likasema, “Bado.” Shemeji alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akafunika uso kwa mikono, kwa sababu “bado” lile tulilijua sote lina maana gani: aliyejibu alikuwa Antena.

Ilichukua saa moja na dakika arobaini.

“Buti,” sauti ikatoka ndani. “Ni wewe?”

“Ni mimi, kaka.”

“Mlango wangu uko wapi?”

“Nadaiwa, kaka,” alisema. “Miaka mingi.”

“Sasa nakudai. Karibu.”

Chini ya pazia mkasi ulitangulia kutoka, mpini mbele, kama mafundi wanavyopeana. Nilimwita muuguzi, dawa zikaanza upya, na Antena yupo hapa leo, safu ya mbele, amevaa suti iliyoshonwa na marehemu. Vifungo ni vyake mwenyewe.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, kaka yetu Antena, mimi mdogo wake, na askari elfu moja, mia nne na sitini, ambao baadhi yao wamesimama pale nyuma na tunawaomba wakae, viti vipo. Kuhusu simu ile ya mwaka 2011, mimi na marehemu tulikwisha kuyamaliza, kwa maneno ambayo hayachapwi kwenye ratiba.

Limebaki moja. Juzi Jumamosi asubuhi Buti alifika nyumbani amevaa nguo za kiraia, anasukuma mkokoteni, na juu yake mlango mpya wa mbao ngumu. Skrubu alizibeba mfukoni. Shemeji alimpimia miimo, lakini hakugusa nyundo hata mara moja. Alikaa pembeni akimwambia bawaba ya katikati imepinda, mpaka ikanyooka. Pazia la kaki liliteremshwa, likakunjwa, na leo limo ndani ya jeneza, chini ya kichwa cha mwenyewe. Kazi ilipokwisha Antena aliingia ndani, akajifungia kwa komeo jipya. Kisha tukasikia komeo linafunguliwa. Buti alisimama nje, bila viatu, akapiga hodi.

“Karibu,” Antena akasema. “Sukuma.”

Buti aliduwaa, mkono hewani. Ndipo tukasikia kicheko ndani ya chumba, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu Alhamisi.

“Vuta, Buti,” akasema. “Vuta. Hatudaiani tena.”

Dada, umelipwa. Huko ulikofika piga hodi, urudi nyuma hatua tatu, ungoje kama ulivyotufundisha. Hutangoja sana. Ukaribishwe, ukae kwa amani.